Kabongo: siku 90, kilometa 200 na karatasi ya mutoto

Tuchukue mufano. Baba mumoja, mulimaji wa muhogo na mahindi mu kijiji kimoja cha Kabongo, anafika ku masomo na binti yake mwenye kumaliza primaire. Mukubwa wa masomo anauliza: mutoto alizaliwa tarehe gani, na karatasi yenye kuhakikisha iko wapi? Baba anatosha mu mufuko karatasi yenye ilikunjwa mara ine. Ni ile walimupa muke wake ku maternite, siku mutoto alizaliwa. Anajibiwa kwa heshima: "Papa, hii haiko acte de naissance. Hii ni certificat. Inapashwa ile ya état civil."

Baba anarudia nyumbani na maulizo matatu. Karatasi hiyo inatoka wapi? Ni bei gani? Na atafika kule na nini: kinga, pikipiki ao treni?

Kuna jambo moja lenye kila muzazi anapashwa kujua mbele ya mengine yote. Karatasi ya mutoto iko karibu na haina bei wakati mutoto angali muchanga. Kisha siku 90, inahama. Inatoka ku biro ya sekta ao chefferie, inaenda ku tribinali. Kwa baba mwenye uwezo mudogo, tofauti ya fasi hizo mbili ni safari, ni feza ya safari, na ni siku za shamba zenye kupotea.

Karatasi tatu zenye watu wanachanganya

Karatasi ya kwanza inaitwa certificat de naissance. Inatolewa na maternite ao santre de sante, na inaandikwa na munganga ao mama muzalishaji. Inasema tu kama muke fulani alizaa mutoto, siku fulani, saa fulani. Ni ushuhuda wa hospitali. Mutoto hajaandikwa bado mu kitabu cha serkali.

Karatasi ya pili ndiyo acte de naissance. Inatoka ku biro ya état civil. Pale, mukubwa wa biro anaandika mu kitabu jina la mutoto, tarehe na fasi alizaliwa, jina la baba na la mama. Kisha anawapa wazazi kopi. Hata kama kopi inaungua na nyumba, kitabu kinabaki, na wazazi wanaweza kuomba kopi ingine. Hii ndiyo inafanya mutoto ajulikane mbele ya sheria.

Karatasi ya tatu ni jugement supplétif. Inatolewa na tribinali kwa mutoto mwenye hakuandikishwa kwa wakati. Muamuzi anasikiliza wazazi na washahidi, anaamua kama mutoto alizaliwa kweli siku ile na wazazi wale, na kwa nguvu ya uamuzi huo état civil inaandika mutoto mu kitabu.

Wazazi wengi wanabaki na karatasi ya kwanza wakifikiri kazi imekwisha. Mu uchunguzi wa taifa wa 2013-2014, mu Kongo yote, watoto 25 tu kwa 100 wa chini ya miaka 5 ndio walikuwa wameandikishwa ku état civil. Mu uchunguzi wa 2017-2018 walifika 40 kwa 100. Hesabu imepanda, lakini zaidi ya nusu ya watoto walikuwa wangali inje ya vitabu.

Sheria inasema nini juu ya siku 90

Sheria ya ulinzi wa mutoto, yenye ilitiwa sahihi tarehe 10 Januari 2009, inasema kama kila mutoto anapashwa kuandikishwa mu siku 90 tangu kuzaliwa, na mu siku hizo kuandikisha ni bure. Kodi ya famille ya mwaka 1987, yenye ilibadilishwa tarehe 15 Julai 2016, nayo inafuata siku hizo 90.

Mu fasi za vijijini, mwenye mamlaka ya état civil ni mukubwa wa sekta ao wa chefferie. Kwa hiyo mulimaji wa Kabongo halazimike kwenda mpaka Kamina juu ya mutoto muchanga. Anapashwa kufika ku biro ya sekta ao chefferie yake, na certificat ya maternite, na karte yake ya uchaguzi, na ya muke wake kama anayo.

Na kama mutoto alizaliwa nyumbani, mu mikono ya mama mukongwe wa kijiji? Bado inawezekana. Sheria inakubali baba ao mama aende kusema. Kama hao hawako, bibi ao babu, ndugu wa karibu, ao mutu mwenye alikuwako wakati wa kuzaa anaweza kwenda. Ni muzuri mama mwenye alizalisha aende pamoja na wazazi, juu yeye ndiye mushahidi.

Hapa kuna kosa moja lenye linapoteza siku nyingi. Wanaume wengi wa Haut-Lomami wanaenda kutafuta kazi ku Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi. Muke anazaa, anasema: "Nangojea baba ya mutoto arudi." Baba anarudi kisha miezi 5, siku zimekwisha. Lakini sheria haiombe muke wa ndoa angojee. Anaweza kwenda mwenyewe na certificat na karatasi ya ndoa. Kazi ya baba mwenye iko mbali ni kutuma mapema feza ya kinga ao pikipiki mpaka ku biro, na namba ya karte yake.

Kuhesabu pia ni lazima. Mutoto mwenye alizaliwa tarehe 10 Desemba, siku zake 90 zinaisha tarehe 10 Machi. Wakati huo wote ni wa mvua, juu huku Haut-Lomami mvua inaanza ku Oktoba na kuendelea mpaka ku Aprili. Muzazi akisema atangojea barabara ikauke, sheria itakuwa imemuacha. Kwa mutoto wa Desemba, dawa ni kuenda juma la kwanza ao la pili, wakati mama anarudi ku maternite juu ya chanjo, kama biro iko upande huo.

Njia ya Kamina

Kabongo ni moja ya teritware tano za Haut-Lomami, pamoja na Bukama, Kamina, Kaniama na Malemba-Nkulu. Kutoka Kabongo-centre mpaka Kamina, kichwa cha jimbo, ni karibu kilometa 200. Kwa ramani haiko mbali sana. Kwa mutu mwenye kuishi mu kijiji, kilometa hizo zinaanza tu kisha kufika Kabongo-centre.

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni treni ya SNCC, ku reli yenye inatoka Kamina kwenda Kabalo, reli yenye ilijengwa mu miaka ya 1950. Treni inabeba muzigo mukubwa na inaenda wakati hata mvua imeharibu barabara. Shida yake ni kungojea: haipite kila siku, na mutu anaweza kulala ku gare. Mwenye kwenda ku tribinali na tarehe ya kusikilizwa hapashwi kutegemea treni ya siku ya mwisho.

Ya pili ni pikipiki. Inafika haraka, lakini bei inapanda na mvua na bei ya esanse, na dereva anahesabu pia feza ya kurudi. Mu safari ya karatasi, baba anasahau mara nyingi kama atarudi kule mara ya pili kuchukua kopi. Kwa hiyo bei ya kweli ya karatasi ni safari mbili, na chakula, na fasi ya kulala.

Ya tatu ni kinga. Ndiyo njia ya mulimaji. Kwa biro ya sekta inatosha kabisa. Kwa Kamina, inakula siku nyingi na nguvu nyingi, na kama ni wakati wa kupanda, shamba linabaki bila mutu.

Kisha kuna barrière. Mutu mwenye kusafiri anaombwa karte. Mwenye haina, anashushwa, anangojea, na mara nyingi anaachana na feza bila kupewa kitansi. Ndiyo vile njia na karatasi vinafungana: baba haina karte kwa sababu hakufika fasi wanatoa, na safari ya kuitafuta inakuwa bei juu haina karte.

Hesabu yenye kufaa ni hii: safari moja ya Kamina inaweza kuwa bei kuliko karatasi yenyewe mara kadhaa. Kwa hiyo kila shauri la kusaidia wababa wenye uwezo mudogo linapashwa kuanza na njia: kuepusha safari, ao kuunganisha safari nyingi mu safari moja.

Karte ya baba mwenyewe

Kwa kuandikisha mutoto, baba anaombwa kuonyesha kama ni nani. Hapo pia kuna shida ya inchi nzima. Hesabu ya mwisho ya raia wote wa inchi ilifanywa mwaka 1984, wakati wa Zaire. Ofisi ya taifa ya kutambulisha raia, ONIP, iliundwa mwaka 2011. Tarehe 30 Juni 2023, mu Kinshasa, raisi wa Jamhuri alipokea karte ya kwanza ya utambulisho ya namna mupya. Lakini kwa mulimaji wa Kabongo, karte yenye kutumika kila siku ni ile ya uchaguzi, yenye inakubaliwa kama karte ya utambulisho ya muda.

Karte hiyo inatolewa na CENI wakati wa kuandikisha wachaguzi. Mara ya mwisho, mu Haut-Lomami na majimbo mengine ya Katanga ya zamani, kazi hiyo ilianza mwisho wa Januari 2023, mbele ya uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023. Kupewa karte ilikuwa bure. Mwenye hakufikia miaka yenye kuombwa, mwenye alikuwa mu safari, ao mwenye alikuwa mugonjwa, alibaki bila.

Na wengi wenye waliipata waliona jambo lingine: wino wa karte za 2023 unafutika. Kisha miezi, picha inakuwa kivuli na jina halisomeke. Baba anaonyesha karte, lakini mwenye kuitazama haone kitu. "Chef, karte ilifutika yenyewe," ni neno lenye kusikika fasi nyingi.

Kwa baba mwenye karte yake ingali inasomeka, kazi ya leo ni kupiga fotokopi mbili ao tatu. Moja ibakie nyumbani, moja kwa ndugu wa kuaminika. Picha mu telefone nayo inasaidia, angalau kwa kukumbuka namba. Karte isiachwe mu jua wala mu mufuko wa shati lenye jasho.

Kwa mwenye karte imepotea ao kufutika, mulango wa kwanza wa kuuliza ni antenne ya CENI ya teritware: wanatoa duplicata wakati huu ao hapana? Wakati wa kungojea, utawala wa fasi anaishi unaweza kumupa attestation de perte, karatasi yenye inasema kama karte yake ilipotea. Akienda na fotokopi ya zamani yenye namba, kazi inakuwa nyepesi. Bila fotokopi, anaenda na washahidi.

Mambo hayo hayaishie ku état civil. Telefone pia inaomba karte: kuandikisha namba na kufungua M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Baba mwenye anatumika ku mugodi na hana namba kwa jina lake anatuma feza ya nyumbani mu mikono ya watu wengine.

Jina moja, herufi tatu

Baba anaweza kuwa na karatasi zote na bado arudishwe, juu ya jina. Kwa Waluba, mapacha wanaitwa Kyungu na Kabange. Lakini mu karatasi moja mutu anaandika Kyungu, mu ingine Kiungu. Nkulu inakuwa Kulu. Ilunga wa Ngoy inaandikwa Ilunga Ngoy ao Ilunga Wangoy. Mu kijiji kila mutu anajua ni mutu mumoja. Mu biro, ni watu watatu.

Kuna pia historia. Mwaka 1972, mu siasa ya authenticité, utawala wa Mobutu ulikataza majina ya Kikristu mu karatasi. Ndiyo sababu kuna wababa na babu wenye karatasi zao zinaonyesha nom na postnom tu, na prénom yao ya kanisa haionekane. Leo fomu inaomba yote matatu, na mutu anaongeza prénom yenye haiko mu karatasi ya kwanza. Kisha wanamuuliza kama ni yeye kweli.

Hata jina la jimbo linaweza kuchanganya. Mutu mwenye alizaliwa Kabongo mwaka 1985, karatasi yake inasema Shaba, juu ndivyo Katanga iliitwa kutoka 1971 mpaka 1997. Mudogo wake wa 2000 ni wa Katanga. Mutoto wake wa 2020 ni wa Haut-Lomami, jimbo lenye lilianza mwaka 2015 kisha Katanga kugawanywa. Kijiji ni kile kile. Karatasi ya zamani haiko ya uongo, na baba hapashwi kukubali kuilipia marekebisho juu ya jina la jimbo tu.

Dawa ya majina ni rahisi: mbele mukubwa wa biro atie sahihi, baba asome, ao amuombe mutu mwenye kujua kusoma amusomee, herufi kwa herufi. Kosa lenye kuonekana pale pale linarekebishwa pale pale. Kosa lenye kuonekana kisha miaka 10 linapeleka mutu ku tribinali.

Wakati wazazi hawajafunga ndoa ku état civil

Ndoa nyingi za Kabongo zinafungwa mu jamaa: mali inatolewa, wakubwa wanakubaliana, watu wanakula. Sheria inaiheshimu ndoa ya mila, lakini inaomba iandikishwe ku état civil. Wengi hawafanye hivyo. Siku ya kuandikisha mutoto, biro inauliza karatasi ya ndoa, na hakuna.

Mutoto hapashwi kubaki bila baba juu ya hiyo. Kodi ya famille, mu article 591, inasema kama kila mutoto Mukongomani anapashwa kuwa na baba, na hakuna mutu mwenye haki ya kukana mutoto wake, azaliwe mu ndoa ao inje ya ndoa. Njia ya sheria inaitwa affiliation: baba anatangaza mbele ya mukubwa wa état civil kama mutoto ni wake. Sheria inampa miezi 12 tangu mutoto kuzaliwa. Wababa wenye wanaenda kuandikisha mutoto mu siku 90 wanaweza kuomba kufanya kazi mbili kwa safari moja.

Hapa ndipo jambo ni kubwa kuliko masomo. Kodi hiyo hiyo inasema nani anariti kwanza: watoto wa ndoa, na watoto wa inje ya ndoa wenye baba aliwafanyia affiliation wakati alikuwa angali muzima. Kundi hilo la kwanza linapata robo tatu za mali. Baba akikufa bila kutangaza mutoto, na ndoa haikuandikishwa, jamaa inaweza kuja kuchukua nyumba, kinga na shamba, ikisema mutoto huyu hatumujue. Mama atapashwa kutafuta haki ku tribinali, na njia ya kufika kule atailipa peke yake.

Karatasi inalinda pia binti. Ndoa ya chini ya miaka 18 inakatazwa na sheria. Lakini nani atahakikisha kama binti ana miaka 15, kama hakuna fasi tarehe yake iliandikwa?

Kama siku 90 zimepita

Baba wa mufano wetu ako hapa. Binti yake ana miaka 12. Kwake yeye, njia ni jugement supplétif. Kwa mutoto wa chini ya miaka 18, ni tribunal pour enfants ndio inasikiliza. Sheria ya 2009 iliomba iwe moja mu kila teritware na kila muji. Pale haijafika, kazi hiyo inafanywa na tribunal de paix. Kwa hiyo mbele ya kupanda pikipiki kwenda Kamina, aulize ku biro ya teritware: tribinali gani inasikiliza mambo ya watoto wa Kabongo, na inakaa wapi? Ulizo hilo moja linaweza kuokoa kilometa 400 za kwenda na kurudi.

Kule anapeleka barua ya kuomba, certificat ya maternite kama ingali, karte yake, na washahidi wenye walijua kuzaliwa kwa mutoto. Washahidi nao wanapanda, wanakula, wanalala. Ndiyo sababu ni muzuri kuuliza mbele kama ushuhuda wa kuandikwa mbele ya mukubwa wa fasi unakubaliwa.

Mambo matatu yanaweza kupunguza bei.

La kwanza ni attestation d'indigence. Ni karatasi ya utawala, yenye inasema kama mutu hana uwezo wa kulipa. Kwa karatasi hiyo mutu anaweza kuomba tribinali imuachilie malipo. Wababa wengi hawaiombe juu ya haya, ao juu hawajui kama iko. Hakuna haya mu kuiomba: sheria iliiweka kwa ajili yao. Na mwenye anahitaji avoka anaweza kuuliza barreau juu ya bureau de consultations gratuites, fasi avoka wanasikiliza watu bila feza.

La pili ni kuenda kwa pamoja. Kila mutoto ana uamuzi wake, lakini wababa 10 wa kijiji kimoja wanaweza kupanga watoto wao wote mu orodha moja, kuchanga feza ya safari, na kutuma watu wawili wa kuaminika kupeleka barua na kuuliza tarehe. Wale wengine wanasafiri tu siku ya kusikilizwa. Makanisa, komite za wazazi wa masomo na vyama vya walimaji viko na orodha ya watoto tayari. Karatasi hiyo ya orodha ndiyo mwanzo.

La tatu ni audience foraine. Maana yake ni kwamba tribinali yenyewe inasafiri: muamuzi, karani na vitabu vyao wanakuja kukaa mu kijiji ao mu kichwa cha sekta, wanasikiliza watu wengi mu siku chache. Mu Kongo, audience za namna hiyo zimesaidia watoto wengi, mara nyingi kwa musaada wa mashirika kama UNICEF. Hesabu yake inaeleweka kwa kila mulimaji: kuleta watu watano ku wazazi 200 ni bei kidogo kuliko kupeleka wazazi 200 ku watu watano. Lakini audience haiji yenyewe. Inaombwa na wakubwa wa fasi, na inaombwa vizuri zaidi wakati kuna orodha yenye majina, miaka na vijiji vya watoto.

Namna Tanzania ilifupisha njia

Shida ya njia haiko ya Kabongo peke yake. Ngambo ya ziwa Tanganyika, mu Tanzania, muzazi wa kijiji alikuwa anapashwa kwenda mpaka ku muji wa wilaya juu ya cheti cha kuzaliwa cha mutoto, na wengi hawakuenda. Mwaka 2013, ofisi yao ya état civil, RITA, pamoja na UNICEF na kampuni ya telefone Tigo, walianza ku Mbeya namna ingine kwa watoto wa chini ya miaka 5. Kuandikisha kulihamia ku kliniki na ku ofisi ya kata. Mwenye kuandikisha anatuma habari za mutoto kwa telefone, na muzazi anapewa cheti cha kuandikwa na mukono, pale pale, bila kulipa. Kisha Mbeya, majimbo mengine yalifuata.

Wazazi wa Mbeya hawakuwa na mapendo zaidi kuliko wa Kabongo. Walipunguziwa safari, basi. Mama mwenye anapeleka mutoto ku chanjo anarudi na cheti. Mu Kongo pia sheria inaruhusu kufungua biro ya pili ya état civil mbali na biro kubwa, na fasi zingine biro hizo ziliwekwa karibu na maternite. Hilo ni ombi lenye wazazi wa Kabongo wanaweza kuweka mbele ya wakubwa wao, kwa majina ya vijiji na kilometa zenye mama mwenye mutoto mugongoni anatembea.

Mbele ya kutoka nyumbani

Kwa mutoto wa chini ya siku 90: certificat ya maternite ao mushahidi wa kuzaa, karte ya baba na ya mama, karatasi ya ndoa kama iko, jina la mutoto lenye mumekubaliana na namna ya kuliandika. Biro ni ya sekta ao chefferie. Kuandikisha ni bure. Mwenye kuombwa feza aulize kwa upole ni ya nini na aombe kitansi.

Kwa mutoto wa zaidi ya siku 90: kuuliza kwanza tribinali gani, kuomba attestation d'indigence, kutafuta wazazi wengine wenye shida ile ile, na kuuliza kama kuna audience foraine yenye kutayarishwa. Safari ipangwe mu miezi ya kukauka, kutoka Mei mpaka Septemba, kisha mavuno, wakati kuna feza kidogo mukononi na barabara inapitika.

Tangu Septemba 2019, masomo ya primaire ya serkali ni ya bure, na wababa wengi walipumua. Muzigo wa karatasi ndio umebakia. Baba wa mufano wetu, mwenye binti wa miaka 12, atatembea njia ndefu. Lakini mu nyumba yake kuna pia mutoto muchanga, mwenye wiki 5. Kwa huyo, biro iko karibu, kinga inatosha, na zingali zimebakia siku 55.